Jiko la Gendabai

Semarkhera, kijiji chetu, ina watu mia tatu thelathini na wanne. Wanaume mia moja themanini na mmoja, wanawake mia moja hamsini na watatu, kaya sitini na mbili, na shule moja ya vyumba viwili yenye mwalimu mmoja, ambaye ni mimi, Purushottam. Hesabu hiyo naijua kwa sababu niliifanya kwa miguu yangu mwenyewe, mlango hadi mlango, huku nikibwekewa na mbwa na kunyweshwa chai mpaka tumbo likawa ngoma. Hesabu ya miaka kumi kabla ya hiyo niliifanya pia, na ile ilikuwa na kosa. Ilipungua mtu mmoja. Tena mtu mwenyewe ndiye aliyenipa chai niliyokuwa nakunywa wakati naandika.

Mtu huyo ni Gendabai, dada mkubwa wa Halke, yule mwenye nyati watatu karibu na bwawa. Mrefu, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba, nyayo zimepasuka kama tope la kiangazi. Ukimkuta amekaa kitako bila kazi, ujue ni mgonjwa, na mimi kwa miaka kumi na tisa niliyokaa hapa sijamkuta hivyo hata mara moja.

Kazi yake ni kufinyanga majiko. Bi harusi akiingia Semarkhera, kabla hajaonyeshwa kisima, mama mkwe wake humwita Gendabai. Gendabai huenda bwawani kuchota udongo, akauchanganya na makapi ya ngano na kinyesi cha ng'ombe, halafu akaukanyaga kwa miguu huku akisema peke yake, utadhani yuko kwenye ugomvi na anashinda. Kisha humwambia bi harusi, "Lete mkono, mwanangu." Humpima shubiri. Mwenye mkono mkubwa hukatiwa mdomo mkubwa wa jiko, mwenye mkono mdogo, mdomo mdogo. Anadai ndiyo sababu majiko yake hayatoi moshi. Yanatoa, lakini hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia.

Yeye mwenyewe aliolewa Baraghat, mito miwili kutoka hapa. Mume wake akaenda mbali kuchoma matofali msimu mmoja, na msimu huo haujaisha mpaka leo. Wakwe wakamvumilia miaka mitatu, wakimlisha maneno zaidi ya chapati, mwishowe akajitwika sanduku lake la bati akarudi kwao kwa miguu. Baba yake alikuwa hai bado, akampokea. Lakini kwetu binti akishaolewa si mtu wa nyumba tena. Anaweza kulala pale, akakamua nyati, akapalilia, akazika wazazi, na bado ukiuliza nyumba ina watu wangapi hawamtaji.

Baba na mama walipokwisha kufa, ukaja ugomvi wa samli. Rajjo, mke wa Halke, alisema samli imepungua kwenye kopo kwa vidole viwili. Gendabai akajibu kwamba vidole vilivyopunguza vilivaa pete, na vyake havina pete. Rajjo ana pete tatu. Kabla jua halijazama sufuria ya Gendabai, kikaango chake na kibao chake cha kusukumia chapati vilikuwa nje uani. Hakulia. Alihamia kwenye kibanda kilichoegemea zizi la nyati, akachota udongo, akajifinyangia jiko la mdomo mmoja. Tangu siku hiyo alipika peke yake akala peke yake, ingawa mashambani kwa kaka yake aliendelea kufanya kazi kama kawaida.

Mwaka mmoja baadaye ndipo nilipokuja na fomu zangu za sensa. Nilikaa uani kwa Halke. Nikamuuliza, "Mko wangapi?" Akajibu, "Saba." Gendabai akanikabidhi kikombe, nikakipokea kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikaandika saba.

Gendabai alisubiri mwezi mzima, mpaka kwenye arusi ya kwa mwenyekiti wa kijiji, mbele za watu.

"Mwalimu, mimi uliniandika wapi?"

"Wewe?" nikasema. "Wewe bila shaka wamekuandika Baraghat, kwa mumeo."

"Baraghat wamekwambia?"

Nilimwandikia mwalimu mwenzangu wa Baraghat. Akajibu kwamba wakwe zake walisema huyo alishaondoka zamani, yuko kwa kaka yake. Nikampa Gendabai habari hiyo nikiwa nimeinamisha macho.

"Basi mimi ni mzimu," akasema. "Mzimu wa kukanda unga."

Watu wakacheka sana, yeye akacheka kuwazidi, na jina likamganda. Wakimhitaji walikuwa wakiita, "Nendeni mkamwite Mzimu aje atengeneze jiko." Ilikuwa utani tu. Lakini jioni moja nilimpita kwenye njia ya bwawa, amebeba udongo kichwani, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika karai. Niliona haya nikageuza njia. Nimewahi kufanya mambo mengi ya kipuuzi, ila lile la kugeuza njia ndilo linaloniuma zaidi.

Miaka kumi ikapita. Haradali ilikuwa imechanua, asubuhi bado kuna baridi ya kuvaa blanketi, nami nikaletewa tena mfuko wa fomu na kopo la rangi nyekundu ya kuandikia namba kwenye kuta. Siku hiyo hiyo Gendabai akaingia darasani katikati ya jedwali la kuzidisha la saba, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu, safari hii niandike."

"Nitakuandika, Gendabai. Nakuahidi."

"Wapi?"

"Kwa Halke. Watakuwa wanane."

Alitikisa kichwa. "Mimi kwa Halke sili. Sijala miaka kumi na moja. Hebu soma karatasi yako inasemaje."

Sijui nani alikuwa amemsomea. Maana karatasi ilisema wazi: kaya ni watu wanaokula kutoka jiko moja. Haiulizi paa, haiulizi ukuta, haiulizi nani ni mtoto wa nani. Inauliza mnapika wapi.

"Kwa karatasi hii," nikasema polepole, "wewe ni kaya."

"Na mkuu wa kaya ni nani?"

"Wewe."

Watoto thelathini walikuwa kimya kabisa, jambo ambalo mimi sijaliweza tangu niajiriwe. Gendabai akafunika mdomo kwa ncha ya sari, akageuka, akatoka. Huko nje nikamsikia anacheka peke yake mpaka kwenye kona.

Kabla sijala mchana, kijiji kizima kilishajua. Na kesho yake asubuhi maziwa yangu, ambayo huletwa na binti wa Halke, yaliletwa na Halke mwenyewe. Tena si nusu lita, ni lita nzima.

"Mwalimu," akasema, "sisi wewe tunakuhesabu kama ndugu."

"Nashukuru."

"Mwandike dada kwangu. Sisi ni wanane. Tumekuwa wanane siku zote."

"Mwaka ule mlikuwa saba."

"Mwaka ule nilisahau." Akachuchumaa, akakuna kidevu. "Tazama, wewe ni msomi. Nyumba yangu ni namba ishirini na saba. Ukipaka yake, ishirini na nane, kwenye ukuta wa zizi, kesho serikali inakuja na kamba, inapima, inasema nusu ya uwanja ni ya namba ishirini na nane. Nyati wangu watalala wapi? Kwako?"

"Halke, hii ni sensa. Inahesabu watu tu. Haigawi hata kijiko."

"Ndivyo wanavyosema."

Nilimweleza mara nne. Nilimchorea mpaka kwenye vumbi. Alitikisa kichwa kwa heshima zote kama mtu anayesikiliza habari za mwezini, akaondoka akiamini kile kile alichokuja nacho. Na tusimlaumu peke yake. Jioni hiyo watu watano walinijia kuniuliza kama nao wakijenga jiko la pili watapewa nusu ya uwanja wa jirani.

Aliyeielewa karatasi vizuri alikuwa Rajjo. Kama kaya ni jiko, basi dawa ni kumrudisha wifi jikoni. Siku tatu mfululizo akawa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sisi wote tukapanga foleni nyuma ya kuta kusikiliza.

"Wifi! Njoo ule, wifi, nimepika wali wa maziwa!"

"Nimeshiba, wifi."

"Umeshiba nini na jiko lako halijawaka?"

"Nimeshiba tangu mwaka wa samli."

Siku ya pili Rajjo alimpelekea sahani mpaka kibandani, maandazi ya kukaangwa na achari, ametia iliki na kila kitu. Gendabai akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akawaita watoto wa jirani wakala pale pale mlangoni, sahani ikarudi imeoshwa. Kijiji kikashangilia. Mimi nilishangilia pia. Lakini jirani yake, bibi Kasiya, ambaye ukuta wake na wa Gendabai ni mmoja, alinivuta pembeni.

"Usicheke, Mwalimu. Unajua kanambia nini jana? Kasema, shangazi, miaka kumi na moja nimengoja yule mwanamke aite jina langu wakati wa kula. Leo anaita, na nikienda tu, nimekwisha."

Sikucheka tena. Nyumbani nilikunywa maziwa ya Halke, lita nzima.

Siku ya nne ikawa zamu ya upande wa bwawani. Nilifika kwa Halke asubuhi, kopo la rangi mkononi. Halke alikuwa amevaa shati la arusi. Rajjo alikuwa amesimama mlangoni, ushungi umeshuka mpaka kidevuni kama inavyompasa mke wa kijiji mbele ya mwalimu, ila sauti haikuwa na ushungi.

"Karibu, Mwalimu! Andika wanane!"

"Gendabai yuko wapi?"

"Kisimani. Lakini wa nini? Twende tukakuonyeshe mwenyewe."

Wakanipeleka kibandani. Jiko la Gendabai lilikuwa limevunjika vipande vipande. Majivu yametawanyika mpaka kwenye sanduku la bati, na ule mdomo wa udongo ulikuwa umepasuka katikati.

"Nyati," akasema Rajjo. "Alikata kamba alfajiri. Mnyama hana akili, utamfanya nini?"

Nikamtazama nyati. Alikuwa amefungwa kwa kamba nzima, anacheua, hana habari kwamba ametajwa kwenye kesi.

"Kwa hiyo, Mwalimu," Halke akasema bila kunitazama usoni, "jiko hakuna. Leo atakula kwetu. Sisi ni wanane."

Nitasema ukweli, hata kama unanivua nguo. Nilijua kanuni. Jiko kuvunjwa asubuhi ile hakukufuta miaka kumi na moja, na ningeweza kuandika pale pale bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini ninaishi hapa. Maziwa yangu yanatoka kwenye zizi lile. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, nayo haikusogea, si upande huu wala ule.

Ndipo Gendabai akaingia na ndoo mbili. Akaziweka chini. Akatazama majivu, akatazama nyati, akamtazama Rajjo kwa muda mrefu kidogo. Sisi wote tulijiandaa kuziba masikio. Bibi Kasiya alikuwa tayari amepanda kwenye kinu chake ili aone vizuri juu ya ukuta.

Hakupiga kelele. Alikunja sari akaichomeka kiunoni, akaenda kwenye rundo la matofali nyuma ya nyumba, akarudi nayo matano.

"Hayo ni ya choo!" Halke akapaza sauti.

"Yamekaa miaka miwili. Choo hakina haraka."

Akayapanga mawili huku, mawili kule, moja nyuma. Akamwaga maji ya ndoo kwenye lundo la udongo wake alilokuwa ameliweka tayari kwa ajili ya bi harusi wa kwa mwenyekiti, akaukanyaga pale pale mbele yetu. Safari hii hakusema peke yake. Tulisikia tu miguu yake kwenye tope. Akaufinyanga juu ya matofali kwa viganja, akalainisha kwa maji. Ilipofika kukata mdomo wa jiko, akapanua mkono wake mwenyewe, akapima shubiri yake, akakata.

"Moto sina," akasema. "Nyati kauzima."

"Pokea!" Bibi Kasiya alikuwa ameshapotea na kurudi. Kwenye kigae aliweka kipande cha kinyesi kikavu kinachowaka, akakipitisha juu ya ukuta. "Pokea upesi, mwanangu, kinaniunguza!"

Udongo mbichi haupendi moto. Moshi ulifuka ukajaa uani, tukakohoa wote, shati la arusi la Halke likawa na rangi nyingine. Na safari hii hakuna aliyeweza kudai kwamba majiko ya Gendabai hayatoi moshi. Yeye alichuchumaa, akapuliza, machozi yakimtoka, akakanda unga, akasukuma chapati, akaitupa kikaangoni. Ilipoanza kuvimba akaichomoa kwa vidole akanipa.

"Kula, Mwalimu. Halafu andika."

Nilikula. Ilikuwa mbichi katikati na ina ladha ya moshi na tope. Niliimaliza yote. Kisha nikachovya brashi kwenye rangi nyekundu nikaenda kwenye ukuta wa kibanda, nikaandika ishirini na nane, tena kwa tarakimu kubwa, maana mkono ulikuwa umeshapata ujasiri na ulitaka kuutumia. Rajjo aliingia ndani akafunga mlango kwa kishindo. Maziwa yangu nikayaaga moyoni.

Nikakaa juu ya sanduku la bati, nikafungua fomu mpya.

"Jina la mkuu wa kaya?"

Alikuwa anajua jibu, lakini alivuta pumzi kwanza. "Gendabai."

"Mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke. Huoni?"

"Fomu inataka niulize. Kazi?"

"Majiko."

"Umri?"

Akapangusa mikono kwenye sari. Akamtazama bibi Kasiya juu ya ukuta, na bibi Kasiya akabinua midomo. Bibi huyo alipoolewa na kuja Semarkhera, Gendabai alikuwa tayari anatembea, kwa hiyo naye hakujua.

"Andika arobaini," Gendabai akasema. "Au hamsini. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mama angejua."

"Siwezi kuandika arobaini au hamsini."

"Basi andika unavyoona. Nina uso wa ngapi?"

Sauti yake ilikuwa imepungua. Baada ya kazi yote ile, hilo ndilo lililomshinda, na nilimwona anaanza kuona aibu mbele ya watu.

"Arobaini na tisa."

Aliyesema alikuwa Halke. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya zizi, anaangalia kwato za nyati.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Mimi nina arobaini na moja. Nilipozaliwa alikuwa na minane. Mama alikuwa anavuna kwa watu, hakuwa na maziwa, na mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya. Huyu ndiye aliyenibeba. Mwaka mzima, mgongoni, nyumba hadi nyumba, akiniombea maziwa kwa wanawake wenye watoto." Akakohoa, ingawa moshi ulikuwa umepungua. "Mama alikuwa ananiambia. Alisema, wewe una mama wawili, mmoja ana miaka minane. Ndiyo maana najua."

Nikaandika arobaini na tisa. Gendabai alikuwa ameinama juu ya kikaango, nami sikuweza kuuona uso wake. Alisukuma chapati ya pili, akaipika taratibu, akaigeuza mara mbili, na hii ilivimba vizuri. Halke akaja akachuchumaa upande wa pili wa jiko. Alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Angalia," dada yake akamwambia, "ukila hapa Mwalimu atakuandika kwangu."

Halke akaipokea, akaikata, akala kichwa chini. Nilingoja mpaka akameza, ndipo nikauliza swali lililobaki, kaya ina watu wangapi.

"Mmoja," Gendabai akajibu, na akaanza kusukuma ya tatu.